Kadi za "run": shajara ya mradi wa neno moja

Januari, shule zikifunguliwa

Mradi wenyewe ni mdogo. Nataka kutengeneza kifurushi cha kadi za neno moja tu la Kiingereza, "run", kwa ajili ya kidato cha kwanza. Mbele ya kadi kunakaa sentensi moja ya Kiingereza. Nyuma kunakaa Kiswahili chake, jinsi mtu wa Tanga angekisema nyumbani kwake au sokoni. Kadi haina sarufi, na neno halitafsiriwi peke yake.

Wengi wa watoto wetu wametoka shule za msingi za serikali, ambako walifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza kilikuwa somo kama masomo mengine. Wakifika kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hesabu zote zinageuka Kiingereza. Watu hudhani kinachowakwamisha ni maneno makubwa. Mimi naona sivyo. "Photosynthesis" ina maana moja, ukishaikariri imekaa. Linalowaangusha ni neno ambalo kila mmoja anaapa analijua. Muulize yeyote "run" ni nini, atakujibu "kukimbia" hujamaliza kuuliza. Halafu anafungua kitabu cha jiografia anakuta "The river runs into the Indian Ocean", cha biashara kinamwambia "She runs a small business", cha kompyuta "Run the program". Mto, mama na kompyuta, wote wametoka mbio.

Nimenunua manila za rangi tofauti na kalamu nene. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili iko mezani, lakini kwa kazi hii nategemea zaidi masikio.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo

Leo nimepima ukubwa wa shamba kabla ya kulima. Katika toleo la 2 la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lile la 1989 lenye juzuu 20, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", na kitenzi chake kilihesabiwa maana 430. Walipofika kwenye herufi R wakiandaa toleo la 3, "run" ikalipiku: maana 645 za kitenzi peke yake. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja kwa muda wa miezi kama 9, na maelezo yake yakatoka 2011.

Kwangu hii ni habari njema. Kama Waingereza wenyewe wamemweka mtu karibu mwaka mzima kwenye neno moja, hakuna atakayemdai mwalimu wa kidato cha kwanza alimalize. Kazi yangu ni kuchagua.

Kuchagua nako kuna njia. Mwaka 1930 mtaalamu wa lugha Mwingereza, C. K. Ogden, alitoa Kiingereza chake kilichorahisishwa cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu, na "run" haimo kati ya hivyo 18. Mtu aseme "go quickly". Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mzigo haukupungua, ulihamishiwa tu kwenye "get", "put" na "take", ambazo sasa zinabeba kila kitu. Na mwanafunzi akitoka nje ya kitabu cha Ogden, "run" inamsubiri mlangoni.

Namfuata zaidi Michael West, aliyefundisha Bengal na ambaye orodha yake ya maneno kama 2,000 ilitoka 1953. Yeye hakuhesabu maneno tu. Kwa kila neno alionyesha asilimia ya kila maana, kwamba hii inakuja sana na ile ni ya nadra. Mimi sina mashine ya kuhesabia, kwa hiyo nimeweka chujio la kienyeji: sentensi inaingia kwenye kadi kama inaweza kusemwa nyumbani kwa mtoto, barabarani au kwenye kitabu chake cha shule ndani ya wiki hii. Kriketi imetoka. Soksi ndefu za kike zinazochanika uzi nazo zimetoka, japo Waingereza wana "run" yao hapo.

Februari, mwanzoni

Swali la wiki lilikuwa mpangilio. Kamusi hupanga maana kwa namba, moja hadi mwisho, na mtoto huishia namba moja. Nimeamua kupanga kwa kuangalia nani amekaa mbele ya kitenzi na nini kimekaa nyuma yake. Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao, na kwa "run" hilo halina ubishi. Akikaa mtu mbele na hakuna kitu nyuma, ni miguu. Kikikaa kimiminika, kinatoka au kinatiririka. Ikikaa mashine, inafanya kazi. Akikaa mtu mbele na duka nyuma, hapo miguu haihusiki tena.

Kwa hiyo: manila ya njano ni ya miguu, bluu ya maji na ndugu zake, kijani ya mashine, nyeupe ya mtu na kitu anachokisimamia. Pinki nimeiacha kwa ratiba na barabara, na vile vya "run out" na "run over" vitapata rangi yao baadaye.

Njano nimeimaliza kwa kikao kimoja. Haina la kufundisha zaidi ya "ran" na kwamba "run" inarudi vilevile baada ya "have".

Jambo moja la kuwaambia walimu wenzangu: msiwaambie watoto kwamba maji "kukimbia" ni lugha ya picha iliyozaliwa kutokana na miguu. Tangu Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilitumika kwa maji pia, na ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", mpaka leo ni kutiririka. Bluu na njano ni mapacha.

Februari, kadi za bluu

Hizi zimenichukulia muda kuliko zote, na nimezifurahia kuliko zote.

Nilikuwa na sentensi "The colours run" na nyuma yake nimeandika "rangi inatoka". Si kosa, lakini haikunikaa. Nikaenda uani kwa shangazi, ambaye alikuwa ameinamia beseni.

"Shangazi, shikamoo. Kanga ukiifua ikaachia rangi, mnasemaje?"

"Marahaba. Inachuja, mwanangu. Kama hii hapa, inachuja balaa. Ukiiloweka na shuka jeupe umeliaga shuka."

Akaikamua ile kanga, maji yakashuka mekundu kama juisi ya rozela, akanionyesha pindo lililokwisha kupauka upande mmoja. Kadi ikaandikika papo hapo. Mbele: "The red in this kanga runs, so wash it alone." Nyuma: "Nyekundu ya kanga hii inachuja, ifue peke yake." Hakuna mtoto wa Tanga atakayeuliza maana yake. Na ukiangalia vizuri, "chuja" nayo ina mizigo yake: tunachuja tui, tunachuja wagombea, na msanii ambaye nyimbo zake hazipigwi tena tunasema amechuja.

Nyingine za bluu:

"The baby's nose is running." Mtoto kamasi zinamtoka.

"Somebody has left the tap running." Kuna mtu kaacha bomba wazi.

"The Pangani runs into the Indian Ocean." Mto Pangani unaingia Bahari ya Hindi.

"Tears ran down her face." Machozi yalimtiririka.

Tazama ile ya bomba. Mwingereza anaangalia maji, sisi tunaangalia mlango wa maji. Ukimlazimisha mtoto atafute kitenzi cha Kiswahili kinacholingana na "running" atahangaika bure, kwa sababu kwenye Kiswahili kinachosemwa hakipo. Kuna "wazi" tu. Na ikiwa ni amri, "Don't leave the tap running", mama yeyote anasema "Funga bomba!" basi. Ndiyo maana nimeshikilia sentensi nzima dhidi ya sentensi nzima.

Februari, mwishoni: kijani

Mashine zimenifungulia jambo ambalo nitalifanyia somo zima. Kiingereza kinasema "The generator is running" na pia "We run the generator at night". Kitenzi ni kilekile, hakijabadilika hata herufi, awe jenereta ndiye mtendaji au sisi. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Jenereta linawaka, sisi tunaliwasha. Maji yanachemka, mama anayachemsha. Gari linakwenda, dereva analiendesha. Kazi ambayo sisi tunaifanya mwishoni mwa kitenzi, wao wanaifanya kwa kuhamisha maneno kwenye sentensi.

Kwa hiyo kadi za kijani zinakwenda mbilimbili, zimefungwa kwa raba ya kufungia noti:

"The generator is running." Jenereta linawaka.
"We run the generator at night." Usiku tunawasha jenereta.

"The program runs slowly." Programu inakwenda taratibu.
"Run the program again." Iendeshe tena programu.

Na moja haina pacha: "Leave the engine running." Usizime gari. Wao wanaamrisha kuacha, sisi tunakataza kuzima. Nimeiweka juu kabisa ya kifurushi cha kijani kwa sababu inawafundisha watoto kutokuogopa kuhama.

Machi, mwanzoni: nyeupe, na ubishi wa ofisini

Sentensi: "My uncle runs a shop in Ngamiani." Nyuma nimeandika: "Mjomba ana duka Ngamiani." Nikaiacha mezani. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili akaichukua na chai yake.

"Mwalimu, hapa sikubaliani nawe. Kuwa na duka ni kitu kimoja, kuliendesha ni kingine."

"Lakini nani mtaani anasema anaendesha duka? Watu wanasema ana duka."

"Na yule kijana anayesimama kaunta?"

"Huyo anauza duka."

"Haya. Sasa 'run' yako ni ya nani, ya mwenye duka au ya anayeuza duka?"

Hapo ndipo mzizi ulipo. Kwa mgeni wa Kiswahili, "anauza duka" ni mtu anayetafuta mnunuzi wa jengo na shelfu zake. Kwetu ni mtu aliyeajiriwa kukaa dukani. Na "run" haiko kwa mwenye mali wala kwa muuzaji. Iko kwa yule anayeamua nini kiagizwe, nani akopeshwe na duka lifungwe saa ngapi. Anaweza kuwa ndiye mwenye duka, anaweza asiwe. Kadi mpya inasema: "The shop belongs to my uncle, but my sister runs it." Duka ni la mjomba, lakini dada ndiye anayeliendesha. Mwenzangu ameridhika, na mimi nimeiona imekaa vizuri kuliko ya kwanza. Chai ilikuwa imepoa.

Nyeupe nyingine iliyonipendeza: "I'm running an errand for my mother." Mama kanituma. Maneno mawili, na mtendaji amegeuka kuwa mama.

Machi, katikati: darasani

Kabla ya kugawa kadi nilianza na kwetu. Nikaandika ubaoni "piga", nikawaambia kila mmoja alete sentensi moja. Ubao ukajaa kabla ya robo ya kipindi: piga simu, piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga picha, piga hodi, piga kura, piga magoti, piga mbizi, piga stori. Kijana wa nyuma akasema "piga hela", darasa likacheka, maana wote wanajua upigaji ni nini na wapigaji hukaa wapi. Nikawaambia wamfafanulie Mwingereza mmoja, anayejua "piga" ni kuchapa tu kwa fimbo, sentensi "Dada anapiga pasi kisha atapiga mswaki". Wakaona wenyewe dada anavyogeuka mkorofi.

Baada ya hapo sikuhitaji kueleza "run". Msichana mmoja aliuliza swali ambalo nimeliandika kama lilivyo: "Mwalimu, kwa hiyo 'run' ni piga yao?" Karibu. "Piga" inategemea zaidi kinachokuja nyuma yake, "run" inaangalia mbele na nyuma. Lakini kwa kidato cha kwanza, mwezi wa tatu, jibu ni ndiyo.

Mchezo wenyewe: kundi moja linasoma mbele ya kadi, kundi la pili linasema Kiswahili cha mtaani, la tatu linaamua kama bibi yao angesema hivyo. Hilo la tatu ndilo linalofundisha. "Pua ya mtoto inakimbia" ilikataliwa kwa kelele. "Mtoto ana mafua" ilikubaliwa, japo kadi ilisema kamasi, na nimeiongeza.

Pinki ilileta tatizo ambalo halikuwa la "run". Kadi: "Buses to Pangani run until 6 p.m." Wakaelewa kitenzi barabara, mabasi yapo, kisha wakasema mpaka saa sita. Saa kumi na mbili jioni ikapotea, na abiria wangeachwa na basi kwa sababu ya kuhesabu, si kwa sababu ya kitenzi. Nimebakiza kadi hiyo makusudi. Kadi ya barabara, "The road to Dar es Salaam runs through Muheza and Segera", ilipita bila swali: barabara inapita Muheza na Segera.

Machi, mwishoni: kadi ya siasa

"She is running for president." Anagombea urais. Kadi rahisi, lakini niliwaambia watoto wasishangae wakikuta kitabu cha Uingereza kimeandika "She is standing for Parliament". Mmarekani hukimbia, Mwingereza husimama, sisi tunagombea, kama watoto wawili na andazi moja. Ingawa redio zetu nazo zinasema "mbio za urais", kwa hiyo hatuko mbali na Mmarekani. "Running mate", ambaye zamani alikuwa farasi wa kumsaidia mwenzake wa zizi moja kushika kasi kwenye mashindano, kwetu ni mgombea mwenza, na jina letu naliona lina heshima zaidi.

Aprili: "run" na wafuasi wake

Rangi ya chungwa. Hapa nimekuwa bahili, nimechukua wafuasi wanne tu: "out of", "into", "over" na "away".

"Run away" ni toroka, imekwisha. "The dog was run over" ni mbwa amegongwa, na watoto waliijua kuliko nilivyotaka.

"Out of" inahitaji subira. "We have run out of sugar." Sukari imetuishia. Kwa Kiingereza sisi ndio watendaji, kana kwamba tumefanya jambo. Kwa Kiswahili sukari ndiyo imeondoka, sisi tumebaki tunaitazama kopo. Daftari zilijaa "Sugar has run out us", na kosa hilo lina akili ndani yake: mtoto amebeba "-tu-" ya "imetuishia" akaitafutia kiti. Nimetengeneza kadi ya kati, "The sugar has run out", sukari imeisha, iwe daraja. Kutoka hapo kwenda "We have run out of sugar" wanavuka vizuri, na sasa wameunda zao: gesi, vocha, chaki, uvumilivu. Ya mwisho ni ya mwanafunzi wa mbele kabisa, akinitazama.

"Into" nimeiwekea kadi mbili zinazofanana makusudi:

"The bajaji ran into a wall." Bajaji imegonga ukuta.
"I ran into my teacher at Mgandini." Nimekutana na mwalimu Mgandini, bila kutarajia.

Ya pili iliposomwa darasani, kuna aliyeuliza, "Pole mwalimu, uliumia?"

Mei: uchapaji

Manila hazivumilii vidole vya darasa zima, pembe zimeanza kukunjika na kadi ya kamasi imelowa chai. Nimezichapa upya steshenari na kuzipakia plastiki. Kijana wa steshenari alisoma ile ya duka akaniuliza kama naweza kumtengenezea za "get", kwa sababu anaandikiana na wateja wa nje na "get" yao inamtoa jasho. Nimemwambia asubiri muhula wa pili.

Kwa sasa kifurushi cha kitenzi kimekamilika na kinatumika. Zilizobaki ni nomino: "go for a run", "in the long run", "a run on the bank", ambayo ni watu kukimbilia benki wote kwa mpigo kutoa hela zao. Hizo nitazifanyia kazi likizo ya Juni. "The runs", yaani kuhara, nimeichapa tayari, lakini nimeiweka chini kabisa ya kifurushi. Nikiitoa mapema, kipindi kimekwisha.